Nadhiri ya Mwimbaji na Mtoto wa Kakonko



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi, wazee na vijana, juu ya jambo ambalo watu wengi hawapendi hata kulitaja nyumbani mwao, nalo ni maradhi ya saratani yanayowapata watoto wadogo. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa saratani ni maradhi ya watu wazima, na mtoto akivimba taya au tumbo twasema ni jino, au ni minyoo, au ni jicho la hasidi. Si hivyo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 ulimwenguni huingiwa na maradhi haya. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za kimaskini wanaopona hawafiki 30.

Mtu mwenye akili atauliza: Je, watoto wa nchi tajiri wana damu nyingine na wetu damu nyingine? Au Mwenyezi Mungu ameteremsha ponyo kule akatunyima sisi? Hasha! Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa ila na dawa yake imeteremshwa pamoja nao. Dawa nyingi zinazowaponya watoto wa Ulaya na Marekani zimejulikana tangu miaka ya 1950 na 1960, na hospitali zetu kubwa wanazo. Tofauti iko mahali pengine. Iko katika kuchelewa kuyatambua maradhi, na iko katika nauli, chakula na mahali pa kulala kwa mama aliyemchukua mtoto wake mbali na nyumbani. Katika makala haya tutamtaja mwimbaji mmoja aliyelifahamu jambo hili mapema kuliko wengi, na tutajiuliza sisi Waislamu wa Kakonko, Kibondo na Kasulu tunajifunza nini kwake.

Maradhi Yaliyotambuliwa Katika Nchi Zetu

Kwanza yatupasa tujue kuwa saratani ya watoto si jambo la kigeni lililoletwa kwa meli. Mojawapo ya saratani za watoto zilizo mashuhuri kabisa duniani ilitambuliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Bwana Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya muda si mrefu akamwona mwingine mwenye uvimbe kama ule. Akaanza kutafuta, na mwaka 1958 akaandika habari zake.

Hakuridhika na hayo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili, Bwana Ted Williams na Bwana Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha maili 10,000, kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini, wakipita Tanganyika na nchi nyinginezo. Katika kila hospitali waliuliza: Je, mmewaona watoto wenye uvimbe wa namna hii? Wakagundua kuwa maradhi hayo yako katika nchi za joto na mvua, na kwamba kwenye milima mirefu yenye baridi hayaonekani. Ni ramani ile ile ya mbu na homa ya malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London, Bwana Epstein na wenziwe, waliona kirusi katika chembe za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Leo inajulikana kuwa kirusi hicho, kikisaidiwa na malaria ya mara kwa mara, huufungulia mlango uvimbe wa Burkitt.

Nyanda zetu za Kigoma, ingawa ziko juu, si za baridi ya kumfukuza mbu. Malaria ni mgeni wetu wa kila mwaka. Kwa hivyo mzazi wa Kakonko asione kuwa habari hizi ni za watu wa mbali.

Katika maradhi haya pana ajabu moja ambayo ni neema na pia ni mtego. Uvimbe wa Burkitt hukua upesi sana, hata taya la mtoto laweza kuharibika kabisa kwa muda wa wiki chache. Lakini ukipata dawa kali zitiwazo mshipani, huyeyuka upesi vile vile. Mama aliyefika na mtoto asiyeweza kufumba kinywa humwona baada ya siku chache anakula uji na kucheka. Hapo ndipo penye hatari. Mama hufurahi, akahesabu fedha zilizobaki, akawakumbuka watoto wengine aliowaacha nyumbani, na shamba lililoota majani. Husema: Alhamdulillahi, mwanangu amepona, turudi. Akarudi kabla dawa hazijakwisha. Na uvimbe ukirudi baada ya hapo, huja na nguvu mpya, na dawa zile zile hazina tena nguvu za kwanza.

Tusimlaumu mama huyu. Hakurudi kwa ujinga peke yake. Alirudi kwa sababu mfuko wake ulikuwa mtupu.

Safari ya Kutoka Kakonko

Kakonko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo mpaka ilipofanywa wilaya yenyewe mwaka 2012. Ni nchi njema ya wakulima: mihogo, mahindi, maharage na migomba. Lakini ni nchi ya mpakani, iliyo mbali na miji mikubwa. Mtoto akiugua ugonjwa wa namna hii, zahanati ya kijiji haiwezi kumtibu, na hospitali ya wilaya kazi yake ni kumtazama na kumpeleka mbele. Mbele ni wapi? Ni Bugando, Mwanza, au ni Muhimbili, Dar es Salaam, ambako ni zaidi ya kilomita elfu moja.

Tuchukulie mama mmoja wa Gwanumpu au Muhange. Hatumtaji mtu, ila twaeleza hali inayojulikana na kila mtu. Kwanza atafute pikipiki ya kumfikisha Kakonko mjini. Kisha basi la Nyakanazi, halafu Geita, halafu Mwanza. Zamani abiria wa njia hiyo walingoja pantoni pale Kigongo na Busisi, na mgonjwa akangoja pamoja nao. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Viktoria, na taabu hiyo imekwisha. Tunashukuru. Serikali imejenga daraja la juu ya maji. Lakini liko daraja jingine lisilojengwa kwa saruji, nalo ni la nauli na masurufu. Hilo twaliona kuwa ni juu yetu sisi.

Kwani mama yule akifika Mwanza hana jamaa. Dawa za mtoto huenda kwa vipindi: hupewa, akapumzishwa, akapewa tena. Matibabu yaweza kuchukua miezi, na kwa saratani ya damu yaweza kupita miaka miwili. Katika kipindi cha kupumzika mtoto hana haja ya kitanda cha wodi, lakini hawezi kwenda Kakonko na kurudi kila mara. Mama atalala wapi? Atakula nini? Naye baba huko nyumbani ameuza mbuzi, kisha baiskeli, kisha gunia la maharage lililowekwa kwa mbegu. Inafika siku ambapo baba na mama hutazamana, na swali lililo mioyoni mwao ni zito hata halisemeki: Tumwokoe huyu mmoja, au tuwalishe hawa wanne?

Ndugu Waislamu, swali hili halimfai mzazi yeyote. Jamii inayomwachia mzazi swali hili peke yake imepungukiwa.

Mtu wa Dola 7

Sasa tumtaje mwimbaji tuliyemwahidi. Alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la Michigan, Marekani, na wazee wake walikuwa wahamiaji maskini kutoka milima ya Lebanoni. Walimwita Muzyad Yakhoob, lakini ulimwengu ulimjua kwa jina la jukwaani, Danny Thomas. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Maroni. Kazi yake ilikuwa kuimba na kuchekesha watu katika kumbi, katika redio na baadaye katika filamu na televisheni.

Hatukukusudia hapa kuingia katika mjadala wa wanavyuoni juu ya muziki. Masheikh wetu wamekwisha kuyaeleza mambo hayo, na kila mwenye kutaka atawauliza. Tunalotazama sisi ni amali njema ya mwanadamu. Mwislamu akiona wema huutambua, hata ukiwa mikononi mwa asiyekuwa wa dini yake.

Basi kijana huyu, kabla ya Vita Kuu ya Pili, alikuwa hana kitu. Mkewe alikuwa mja mzito na hospitali ilitaka fedha. Habari inayosimuliwa juu yake ni kwamba alitoa dola 7, ndizo alizokuwa amebakiwa nazo, akazitia katika sadaka ya kanisani, na kesho yake akapata kazi ndogo iliyomlipa mara kumi ya hizo. Baadaye, katika dhiki nyingine, aliweka nadhiri kwa desturi ya dini yake, kwamba akionyeshwa njia ya maisha atajenga mahali pa ukumbusho kwa jina la Mtakatifu Yuda Thadayo. Sisi Waislamu nadhiri zetu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini twajua uzito wa nadhiri. Katika Sura ya Al-Insan Mwenyezi Mungu amewasifu watu wanaotimiza nadhiri zao, na wanaowalisha maskini, yatima na mateka, hali chakula wanakipenda wao wenyewe, wala hawataki malipo wala shukrani.

Watu wangapi huweka nadhiri wakati wa dhiki, na wakati wa faraja wakasahau! Huyu hakusahau. Alipokuwa mashuhuri na tajiri katika miaka ya 1950, alijiuliza ajenge nini. Sanamu? Kanisa la marumaru? Akashauriwa, akafikiri, mwisho akakata shauri kuwa atajenga hospitali ya watoto wenye maradhi yasiyokuwa na tiba, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee.

Tazameni jinsi alivyoifanya kazi hiyo. Kwanza, aliuza sauti yake kwa ajili ya wengine. Yeye na mkewe walizunguka mji hadi mji kwa gari wakiomba michango. Juni 1957 alifanya tamasha kubwa Memphis la kuchangia ujenzi, na hata Elvis Presley, mwimbaji aliyekuwa kipenzi cha vijana wote wa zama zile, alipanda jukwaani kulitia nguvu.

Pili, alijua kuwa sauti ya mtu mmoja haitoshi. Mwaka huo huo wa 1957 aliwaita wana wa wahamiaji wenziwe, watu wenye asili ya Lebanoni na Shamu waliotawanyika Marekani, wakaunda chama kiitwacho ALSAC, kazi yake kukusanya fedha za kuiendesha hospitali. Walisema kuwa ndiyo shukrani yao kwa nchi iliyowapokea wazee wao. Wenye maduka ya vitambaa, wenye mikahawa, mafundi na wachuuzi, kila mmoja alitoa chake. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, na hili ndilo kubwa, aliweka sharti. Hospitali ilipofunguliwa tarehe 4 Februari 1962, sharti lake lilikuwa kwamba hakuna mzazi atakayeletewa hati ya kudaiwa: si kwa dawa, si kwa safari, si kwa malazi, si kwa chakula. Aliona kuwa mzazi mwenye mtoto anayepigana na mauti asiwe na fikra nyingine ila mtoto wake. Na sharti jingine: mtoto mweusi na mtoto mweupe watalala wodi moja. Hayo yalifanyika katika mji wa kusini mwa Marekani, wakati ambapo watu weusi walikuwa bado wakitengwa. Hata msanifu aliyechora jengo, Bwana Paul Williams, alikuwa mtu mweusi, naye alitoa kazi yake bila malipo.

Matunda Yake

Mwaka 1962, katika watoto 100 waliopatwa na saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto, waliopona walikuwa 4. Madaktari wengi waliona kuwa kuwatibu ni kuwaongezea mateso tu. Daktari Donald Pinkel na wenziwe wa Memphis walikataa. Walichanganya dawa mbalimbali, wakazipanga kwa vipindi, na ilipofika mwaka 1970 nusu ya watoto hao walikuwa wakipona. Leo wanaopona hospitalini hapo ni kiasi cha 94 katika kila 100. Elimu hiyo haikufichwa. Iliandikwa, na madaktari wa nchi zote wakaisoma.

Waimbaji wengine walikuja baada yake. Mwaka 1989 Bwana Randy Owen, mwimbaji wa kundi la Alabama, alimsikia mzee Danny akieleza habari za watoto wale. Akawaendea watu wa redio zinazopiga nyimbo za mashamba za Kimarekani, akawaomba watoe siku maalumu kila mwaka, wazazi wazungumze, na wasikilizaji waahidi kutoa kidogo kila mwezi. Tangu hapo njia hiyo imekusanya zaidi ya dola milioni 800. Fahamuni, ndugu zetu, kuwa fedha hizo hazikutoka kwa matajiri peke yao. Zilitoka kwa madereva wa malori, wakulima na akina mama waliokuwa wakisikiliza redio jikoni.

Danny Thomas alifariki dunia tarehe 6 Februari 1991, siku 2 baada ya hospitali yake kutimiza miaka 29, akazikwa katika bustani ya hospitali hiyo. Mwaka 2018 hospitali hiyo ilishirikiana na Shirika la Afya Duniani kuweka nia kwamba ifikapo mwaka 2030, watoto wasiopungua 60 katika kila 100 wenye saratani wapone duniani kote, na siyo katika nchi tajiri tu.

Jambo Lililokuwa Letu

Msomaji Mwislamu anayesoma habari hizi asijione mgeni nazo. Hospitali isiyomdai mgonjwa ilikuwa jambo letu kabla haijawa jambo la Memphis. Sultani Nuruddin alijenga hospitali yake Dameski mnamo mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga ya Kairo mwaka 1284. Humo tajiri na fakiri walitibiwa bila malipo, na gharama zote zililipwa na mali ya wakfu: maduka, mashamba na nyumba ambazo wenyewe walizitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, pato lake likaendelea kuwatumikia wagonjwa baada ya wenyewe kufa. Mtoto wa milima ya Lebanoni aliyejenga Memphis alikuwa mtu wa ardhi ile ile ya Shamu. Wema ule ulikuwa kwetu, na mwenye kuufuata leo, awe nani, ametukumbusha mali yetu.

Na hapa Tanzania kazi imeanza. Hospitali ya Muhimbili ina wodi za watoto wenye saratani, na shirika la Tumaini la Maisha, lililoanzishwa mwaka 2011, lafanya kazi pamoja nayo ili watoto watibiwe bila kudaiwa, na wazazi wapate mahali pa kukaa wakati wa matibabu. Bugando nako kuna kitengo cha watoto wenye saratani kinachowapokea watu wa kanda ya Ziwa na sisi majirani zake. Basi mlango uko wazi. Linalobaki ni kumfikisha mtoto mlangoni mapema, na kumwezesha kukaa ndani mpaka dawa ziishe.

La Kufanya Nyumbani

La kwanza ni kutambua. Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzazi akiona mojawapo ya dalili hizi, asingoje:

Uvimbe wowote wa taya, shingo, tumbo au kiungo unaozidi kukua. Weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho kama jicho la paka usiku, au jicho lililoanza kwenda upande. Homa isiyokwisha ijapokuwa mtoto amemaliza dawa ya malaria. Kukonda na kupauka kusiko na sababu, au damu kutoka puani na kwenye ufizi, na alama za vilio mwilini bila kupigwa. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku. Kuumwa kichwa kila asubuhi pamoja na kutapika, au mwendo wa mtoto kubadilika akawa anapepesuka.

Si kila dalili ni saratani. Mara nyingi itakuwa ni maradhi mepesi. Lakini jibu la swali hilo linapatikana kwa daktari, si barazani. Maradhi haya hayaambukizi kwa kula pamoja wala kulala pamoja, wala si uchawi wa jirani. Wangapi wamevunja ujirani wa miaka mingi kwa dhana hiyo, na huku mtoto anaendelea kuvimba! Kumchanja mtoto wembe juu ya uvimbe, au kumchoma, ni kumzidishia. Tumsomee dua mtoto wetu, naam, na tumpeleke hospitali. Aliyetuamrisha kuomba ndiye aliyetuamrisha kujitibu, na moja halizuii jingine.

La Kufanya Msikitini

La pili ni nauli na masurufu. Katika Sura ya At-Tawba Mwenyezi Mungu ametaja mafungu manane yanayostahiki zaka. Miongoni mwao ni mafakiri na maskini, na miongoni mwao ni ibn-sabil, yaani msafiri aliyeishiwa njiani. Mama wa Kakonko aliyekwama Mwanza na mtoto mgonjwa, je, hawi katika mafungu hayo? Twawaomba masheikh wetu walieleze jambo hili katika hutuba zao, ili wenye kutoa zaka wajue kuwa fungu hilo lina watu hai, na kwamba huenda mmoja wao amepanda basi asubuhi ya leo.

Na asiyefikiwa na zaka ana sadaka. Tufanye hesabu ndogo. Msikiti wenye nyumba 200, kila nyumba ikatoa shilingi 500 kila Ijumaa, hupata shilingi 100,000 kwa wiki, na 400,000 kwa wiki nne. Shilingi 500 ni kitu gani? Ni kitu kidogo mno. Lakini Sura ya Al-Maun imewaonya wale wanaosali kisha wakazuia hata msaada mdogo. Fedha hizo ziwekewe daftari, watu watatu wawe na funguo, hesabu isomwe mbele ya jamaa kila mwezi, ila jina la anayesaidiwa lisitajwe, ili uso wake usivunjike. Na isiulizwe dini ya mtoto. Waislamu katika nyanda zetu wanaishi nyumba kwa nyumba na majirani Wakatoliki na wengineo, na maradhi hayabagui. Jirani ana haki yake, awe wa dini yoyote.

Wenye uwezo zaidi wafikirie wakfu. Chumba kimoja tu cha kupanga Mwanza, karibu na Bugando, kitandikwe mikeka na magodoro, kiwe na jiko na ndoo ya maji, kitoshe kuwapokea mama watatu na watoto wao wakati wa kupumzishwa dawa. Jamaa wa Kakonko, Kibondo na Kasulu wakiungana, jambo hilo halishindikani. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa Vijana Wetu

Mwisho twawageukia vijana. Mkoa wa Kigoma unajulikana kwa sauti nzuri. Mwaka 2012 waimbaji wenye asili ya mkoa huu walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, na nchi nzima ikausikia. Madrasa zetu nazo zina vijana wa kaswida na dufu, ambao hualikwa maulidini na arusini kila mwezi. Kijana mwenye sauti asidhani kuwa sauti ni yake peke yake. Ni amana. Siku moja kwa mwezi mkaswidi kwa ajili ya mtoto mgonjwa, mkaweka sinia mbele, na kilichomo kikapelekwa kwenye daftari la msikiti, mtakuwa mmefanya alichofanya mtu wa Memphis, na mtakuwa mmekifanya kwa ajili ya Mola wenu. Yeye alianza na dola 7. Nyinyi mwaweza kuanza na sinia moja.

Kur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, imetufundisha kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Pengine wakati msomaji anaposoma mstari huu, mama mmoja amesimama kituoni Kakonko, mtoto mgongoni, taya limefungwa kwa kanga, akihesabu noti zilizo kiganjani na kuona kuwa zitamfikisha lakini hazitamrudisha. Tusimwambie kuwa Mungu atamsaidia, kisha tukapita. Huenda msaada wa Mungu kwake umekwisha kuwekwa mifukoni mwetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu na watoto wa jirani zetu, awape subira wazazi wao, azibariki kazi za madaktari na wauguzi, na atujaalie tuwe miongoni mwa watimizao ahadi zao. Amin.